Taa ya Kulia ya Trekta ya Baba

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, ni ile niliyochungulia kwenye ua wa watu kule Kenyenya, nikaiona taa ya trekta ya baba yangu imetundikwa katika nyumba niliyokuwa natarajia kuolewa. Lakini ngoja, nisianzie katikati. Najua nyinyi vijana mnanicheka kwamba hadithi zangu huingia kwa mlango wa nyuma.

Juzi ulikuja na simu yako, ukaketi hapa jikoni, ukanionyesha picha za taa za matrekta ya zamani kutoka nchi ambazo hata sijui ziko upande gani. Ukaniuliza, "Nyanya, kati ya hizi, ni ipi inafanana na zile za trekta yetu?" Umeitoa trekta ile kwenye kibanda, umeikwangua kutu, umeirudishia rangi yake ya kijivu, na sasa unataka taa zake za asili, si za kubandikabandika. Nilifurahi mpaka nikajifanya natafuta chumvi. Leo nina jibu, ila ni refu. Vuta hicho kigoda uketi.

Baba yangu alikuwa dreva wa trekta katika shamba la mzungu upande wa Borabu, zamani kabla ya Uhuru. Mzungu alipoondoka na mashamba yakagawanywa, baba alipata kipande cha ardhi, na trekta ikabaki naye, maana hapakuwa na mwingine aliyeweza kuibembeleza ikawaka asubuhi ya baridi. Alikuwa mzee wa kanisa letu la Wasabato, mrefu, mpole, mwenye pengo kubwa la meno ya mbele. Kupitia pengo hilo alipiga mluzi nyimbo za kanisani kuanzia alipoamka. Mama hakuwa na haja ya kumwita kwa chakula. Alisikiliza tu mluzi uko upande gani, akatuma mtu.

Ukutani kwetu palikuwa na picha moja, ile uliyoiona kwangu, ambayo mke wa mzungu alimpiga baba siku trekta ilipofika ikiwa mpya. Baba kijana, kofia pembeni, na mbele ya trekta taa mbili zimetokeza kama macho ya chura. Nyuma, baba alituambia, ilikuwa na taa nyingine moja nyekundu. Lakini trekta niliyoikuta mimi nilipopata akili ilikuwa na taa ya kushoto peke yake. Ya kulia haikuwepo, na ile nyekundu haikuwepo. Ukimuuliza baba zimekwenda wapi, mluzi ulikatika, akajibu neno moja: "Wezi." Halafu mluzi ukaendelea.

Basi, miaka ya mwanzo ya sabini, mimi Kemunto nilikuwa mwalimu kijana, na nilikuwa nimempata mtu. Aliitwa Momanyi, mwalimu mwenzangu, kwao Kenyenya, baba yake alikwisha kufa na alilelewa na mama. Huyo ndiye babu yako, lakini wakati huo alikuwa hajawa babu ya mtu. Alikuwa kijana mwembamba mwenye suruali pana chini, na nilimpenda mpaka nikawa nasahihisha madaftari ya wanafunzi nikicheka peke yangu.

Nilikuwa na tamaa moja tangu utoto. Nilitaka siku ya harusi yangu nipelekwe kanisani kwenye tela la trekta ya baba, na taa zake zote ziwe zinawaka, ingawa ni mchana kweupe. Usiniulize kwa nini. Wasichana wengine walitaka viatu vya kisigino. Nilipomwambia baba alikuna kichwa, akasema, "Sawa, kama utazipata." Alisema hivyo kwa sababu alijua sitazipata.

Nilianza vibaya. Fundi mmoja wa Keumbu aliniuzia taa ya lori kuukuu, nikaijaribu mahali pa ile ya kulia. Ilikaa vibaya, kubwa kupita kiasi, trekta ikaonekana imevimba jicho. Nikairudisha. Nikaamua kutafuta yenyewe ya asili, na njia niliyotumia ilikuwa ya kupita nyumba kwa nyumba kwa wale waliowahi kufanya kazi kwa mzungu, nikiuliza, "Nani aliiba taa za baba?" Niliuliza nikiwa nimeshika kiuno. Haikupita wiki mbili majirani walikuwa wakiniona njiani wanakumbuka kwamba wameacha sufuria motoni. Mama mmoja aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto aliacha kunisalimia.

Aliyeniweka sawa ni Shangazi Bosibori, dada mkubwa wa baba. Na hapa lazima nikueleze Shangazi alikuwa nani, maana siku hizi mnapendana kwa simu na mambo haya mmeyasahau. Kwetu, kijana na msichana wakipendana, hilo ni lao. Lakini nyumba mbili haziketi pamoja kupanga ng'ombe wala harusi mpaka esigani apite. Esigani ndiye mshenga, mtu wa katikati, anayekwenda kuichunguza nyumba ya upande wa pili. Je, ni watu wa amani? Wana ugonjwa gani? Wana mkono mrefu? Akirudi akasema "hapana," imekwisha, hata mlie machozi ya kujaza debe. Esigani wa nyumba yetu alikuwa Shangazi, na neno alilolichukia kuliko yote duniani lilikuwa wizi. Aliwahi kuvunja uchumba wa binamu yangu kwa sababu ya mbuzi mmoja ambaye mtu wa upande ule hakuweza kueleza alikotoka. Na sasa ilikuwa zamu yangu. Kila kitu changu, Momanyi na harusi na maisha yangu yote, kilikuwa kinangoja Shangazi aende Kenyenya arudi na neno.

Siku moja kabla ya safari hiyo alinikuta nimenuna kwenye ngazi ya trekta. Akaketi kwenye gurudumu la mbele, akanitazama.

"Wewe Kemunto, unatafuta taa ama unatafuta kesi?"

"Natafuta taa, Shangazi."

"Basi kwa nini unauliza kama askari? Ukimuuliza mtu nani ameiba, hata asiyeiba anaogopa. Mimi nikienda kuulizia nyumba ya watu, umewahi kusikia nimeuliza kama kuna mwizi? Naketi. Naomba maji. Nauliza chungu hiki kinafanya kazi gani, ng'ombe huyu mama yake ni yupi, mtoto huyu ana jina la nani. Watu wanapenda kueleza vitu vyao, mwanangu. Kile kisicho chao ndicho hawawezi kukieleza, na hapo mimi nasikia bila kuuliza."

Yeye akainuka, akapangusa vumbi la gurudumu kwenye rinda, akasema, "Kesho twende wote mpaka Kisii. Fungua hiyo taa iliyobaki, tuibebe. Mtu hawezi kukuonyesha ndugu wa kitu ambacho hajakiona." Baba aliposikia kwamba tunakwenda kutafuta taa aliguna, akasema barabara ni mbaya, akasema mvua itanyesha, akasema taa za nini mchana. Sikumjali. Nilichukua spana, nikafungua taa ya kushoto, nikaifunga kwa leso, nikaiweka kikapuni.

Kisii mjini tulikwenda kwa Bwana Ramji, Mhindi mzee aliyeuza vipuri tangu mji ule ukiwa na maduka ya kuhesabika. Nikafungua leso juu ya meza yake. Nilitaka kusema, "Je, kuna mtu alikuletea ya wizi?" lakini Shangazi alinikanyaga mguu. Akasema yeye, kwa upole, "Baba, hebu tueleze kitu hiki."

Ungemwona Bwana Ramji! Aliiacha misumari aliyokuwa anapima, akaipangusa taa kwa pindo la shati lake mwenyewe. "Yaani bado iko?" akasema. "Mama, hizi niliziuza mimi nikiwa kijana. Tazama, kioo kina mistari ya kusimama, si ya kulala. Bakuli lake ni refu kwenda nyuma. Na hii ni ya kushoto. Tazama mguu wake unavyopinda. Ya kulia mguu unapinda upande ule mwingine. Mtu akikuletea mbili zinazopinda upande mmoja, amekudanganya."

Akatoa kwenye rafu kitabu cha picha za vipuri, kurasa zimelainika kwa grisi, akatuonyesha trekta ile ile, imechorwa ikiwa imefumuliwa, kila msumari peke yake. Nikaona na ile ya nyuma, kioo chekundu kinene chenye mviringo mdogo katikati kama kitovu. Nilisimama pale nimesahau hata kwamba nina njaa. Mwanangu, nilikuwa nimeiona trekta ile kila siku ya maisha yangu na sikuwa nimewahi kujua kwamba mkono wake wa kushoto na wa kulia ni tofauti.

"Dukani sina," akasema Bwana Ramji. "Ziliisha zamani. Lakini hiki kioo chekundu nimekiona. Nilikwenda kuwatengenezea jenereta wale wa kanisa dogo la Wakatoliki pale Suneka. Kiko mle ndani, mbele, kinawaka."

Nilitaka twende Suneka saa ile ile. Shangazi akakataa. "Kwanza kazi yangu, halafu kazi yako. Tutapita Suneka tukirudi." Kwa hiyo tukapanda basi la Kenyenya, mimi na Shangazi na taa yetu kikapuni.

Sasa sikiliza. Msichana hakanyagi nyumba anayochumbiwa kabla mambo hayajakamilika. Ni aibu kwake na kwa wazazi wake. Shangazi aliniacha kwa rafiki yake wa zamani, aliyeolewa boma la jirani na kina Momanyi, nikapewa ndizi za kumenya. Yeye akajitengeneza kitambaa kichwani, akaingia kwa akina Momanyi kwa mwendo wake wa taratibu wa mtu aliyekuja kuomba maji tu.

Nilimenya ndizi kama tatu hivi. Uvumilivu ukanishinda. Kati ya maboma mawili palikuwa na ua wa miti, na ua una matundu, na mimi nilikuwa na macho. Nikachungulia. Nikamwona Shangazi ameketi kwenye kiti barazani, mama yake Momanyi ameketi kwenye mkeka, wanazungumza, wanacheka. Moyo wangu ukatulia. Halafu nikaona kwenye nguzo ya baraza, juu ya kichwa cha Shangazi, kwenye msumari, taa.

Kioo chenye mistari ya kusimama. Bakuli refu kwenda nyuma. Na mguu umepinda upande ule mwingine.

Nikakaa chini kwenye maganda ya ndizi. Nilikuwa nimetumia majuma mengi nikitangaza kwa kila mtu kwamba mwenye taa ile ni mwizi. Na mwenye taa ile sasa alikuwa mama mkwe wangu. Shangazi macho yake ya mbali yalikuwa yameanza kumchenga, na taa ilikuwa juu ya kichwa chake, hakuiona. Kikapu chenye ya kushoto nilikuwa nacho mimi. Nikafikiri, na nakwambia ukweli, nikafikiri: nikikisukuma kikapu hiki chini ya kitanda cha huyu rafiki wa Shangazi, Shangazi atarudi nyumbani na neno zuri, nitaolewa na Momanyi, na taa ya kulia niisahau. Na nikisema, basi Momanyi nimemkosa kwa mkono wangu mwenyewe. Nililia kidogo, kimya kimya.

Lakini niliwaza pia nikiwa mke katika nyumba ile, nikifagia baraza lile kila asubuhi chini ya taa ile, nikijua. Sikuweza. Nina hasira za karibu, mwanangu, na mtu wa hasira za karibu hawezi kuhifadhi siri, itamtoka tu siku ya kugombana juu ya chumvi. Nikapangusa uso, nikachukua kikapu, nikapita langoni, nikaingia katika nyumba ya mchumba wangu mchana, bila kualikwa, na maganda ya ndizi kwenye rinda.

Shangazi aliponiona uso ulimbadilika rangi. "Yaya!" akasema kwa Ekegusii, yaani hapana. "Kemunto, umerukwa na akili?"

Sikumjibu. Nilimsalimia mama yake Momanyi kwa magoti, nikafungua leso, nikaiweka taa ya kushoto kwenye kigoda, chini kabisa ya ile ya kulia. Wote wawili wakatazama chini, wakatazama juu. Hapakuwa na haja ya kueleza. Ilikuwa wazi kama pacha wamekutana.

Na lile swali langu lilikuwa limeshafika ulimini. Nani aliiba? Nilikuwa nimefungua mdomo kabisa. Halafu nikaona uso wa yule mama, uso wa mtu aliyechanganyikiwa bila kuogopa, nikakumbuka Shangazi ameketi kwenye gurudumu. Nikasema, "Mama, samahani. Hii taa yenu inafanya kazi gani hapa?"

Uso wake ukafunguka wote.

"Hii? Hii ni taa ya kuzalishia," akasema. "Hakuna mtoto wa kilima hiki ambaye hakuzaliwa mbele yake. Tunaweka koroboi ndani, mwanga unaruka mpaka kona ya mwisho. Hapa mwanamke akishikwa na uchungu, watu hawaulizi kama mkunga amefika, wanauliza kama taa imefika." Akainuka, akaiteremsha kwenye msumari, akaipakata. "Nilipewa na dreva. Zamani, mimi na marehemu tulikuwa kambini kwa mzungu, kule Borabu, tukichuma pareto. Mimba yangu ya kwanza ilikuwa ngumu. Mafuta ya taa yalikwisha, mkunga haoni kitu, ananipapasa tu. Marehemu akakimbia kwa kijana wa trekta. Yule kijana hakuuliza maswali. Alifungua taa kwenye trekta ya mzungu, akabeba na betri begani, akaja. Sasa mnajua heshima zetu, mwanamume hawezi kukaribia chumba cha mwanamke anayejifungua. Basi akasimama nje, akatugeuzia mgongo, akaipitisha taa dirishani kwa mkono wa nyuma. Na akawa anapiga mluzi kwa nguvu, nyimbo za kanisani, ili sisi tujue kwamba hasikii chochote. Alipiga mluzi mpaka mtoto akatoka."

Shangazi alikuwa ameanza kuinuka kwenye kiti polepole.

"Mama," akasema, "huyo kijana alikuwa na pengo hapa mbele?"

"Pengo?" akasema yule mama. "Huo ulikuwa mlango! Mluzi nusu ulikuwa upepo. Asubuhi akaja kuchukua betri, nikamwambia chukua na taa. Akamtazama mtoto, akasema, 'Acha ikae. Mzungu nitamwambia ni wezi.' Sisi tukaondoka kambini muda si mrefu, wala jina lake sikulijua. Tulimwita Dreva tu. Nimemtafuta nimshukuru mpaka nimechoka."

"Na mtoto mwenyewe?" nikauliza, ingawa nilikwisha kujua.

"Mtoto si huyo huyo Momanyi wenu!"

Shangazi alianguka kwenye kiti. Nilidhani anaugua. Kumbe anacheka, anacheka mpaka kitambaa kikamwanguka kichwani. "Mungu wangu," akasema, akijipangusa macho, "nimesafiri kutoka Borabu mpaka Kenyenya kutafuta mwizi katika nyumba ya watu, kumbe nimemwacha nyumbani anapiga mluzi! Ndugu yangu! Mzee wa kanisa!" Mama yake Momanyi alipoelewa, alitupa mikono juu akapiga vigelegele, majirani wakaja wakidhani mahari imelipwa. Nikasema, "Mama, nisamehe kuingia kabla ya wakati," naye akanishika mabega akasema, "Msichana anaingia kwangu na taa mkononi, mimi nimfukuze nibaki na giza?"

Tuliporudi tulipita Suneka kama Shangazi alivyoahidi. Katekista, mwalimu wa dini wa pale, alitupokea vizuri, akatuletea chai, na Shangazi, ambaye kama Wasabato wengi wa siku zile aliipanda chai lakini hakuinywa, akaomba maji ya moto. Mle kanisani, mbele, kilikuwa kioo chekundu chenye kitovu katikati, mshumaa unawaka ndani yake, kimya, kizuri. Nikauliza kinafanya kazi gani. Katekista akasema hiyo ni taa yao ambayo haizimwi, na cha zamani kilipovunjika walikipata hiki kwa mtu mwema. "Alikuwa dreva mmoja, trekta yake ilikwama hapa kwenye matope, akalala kwetu. Asubuhi akatufungulia hiki. Tulimwambia polisi watamkamata bila taa ya nyuma, akasema trekta inajua ilikotoka, haina haja ya kuangaza nyuma."

Mimi na Shangazi hatukuweza kutazamana. Tulitoka mle mbio, tukaenda kucheka barabarani, tumeshikana tusianguke. Baba yangu, ambaye kila Sabato alituonya juu ya mambo ya Wakatoliki!

Tulimkuta chini ya trekta, miguu tu nje, mluzi unaendelea. Nikasema, "Baba, wezi tumewapata." Mluzi ukakatika. Halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Wote?" Nikasema, "Wote. Mmoja Kenyenya, mmoja Suneka." Alipotoka uso wake ulikuwa umejaa mafuta na haya, na macho yanacheka. "Nilikuwa nimemwambia mzungu ni wezi," akasema. "Baadaye nikamwambia mama yako. Baadaye nikawa nimezoea." Kisha akauliza jambo moja tu, na hilo ndilo lililonitoa machozi: "Yule mtoto aliishi?"

Shangazi akamjibu, "Aliishi, na anataka kumwoa binti yako. Mimi nimeshasema ndiyo."

Harusi ilikuwa Jumapili. Mama yake Momanyi alikuja mwenyewe kutoka Kenyenya na taa mapajani, hakumpa mtu ambebee, na baba akaifunga mahali pake kwa spana yake. Ile nyekundu tuliiacha Suneka, ilikuwa kazini. Nyuma ya trekta mama akafunga kitambaa chekundu. Tukapanda telani na majani ya migomba na wanakwaya, baba akawasha, na taa zote mbili zikawaka mchana kweupe mpaka kanisani. Baba alipiga mluzi njia nzima. Watu walitoka mashambani kushangaa. Sijawahi kuwa na furaha namna ile, na nimekuwa na furaha nyingi.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, ndiyo hii. Ukitafuta kitu cha asili, jifunze kwanza kukijua, mistari ya kioo chake, mguu wake unapinda upande gani, usije ukauziwa kushoto mbili. Beba kilichobaki ukionyeshe. Simu yako ni nzuri, lakini nenda na kwa watu, uketi, uombe maji. Na ukikikuta kitu chako kwa mwingine, usianze na nani aliiba. Uliza kinafanya kazi gani pale. Pengine utakuta kinafanya kazi kubwa kuliko ile uliyokuwa umekipangia, na pengine aliyekitoa ni wa nyumbani kwako. Ningeuliza swali langu la zamani siku ile barazani, wewe leo usingekuwepo wa kuniletea simu.

Haya, funga hiyo simu. Taa ya kushoto iko ghalani, ndani ya debe la mahindi mabovu. Na ya kulia, geuka utazame juu ya kabati, hiyo ninayowekea koroboi umeme ukipotea. Baada ya harusi ilirudi kwa mama mkwe wangu kuzalishia, naye akaniachia alipozeeka. Baba yako alizaliwa mbele yake, na watoto wengi wa kilima hiki. Ichukue, ni zamu yako, ifunge kwenye trekta mahali pake. Ila usiikaze sana. Siku jirani atakapokuja mbio kuomba mwanga, uweze kuifungua upesi.

Mungu akupe macho ya kutambua kilicho chako na mkono mwepesi wa kukitoa. Akupe nyumba yenye vicheko. Na trekta hiyo iwake asubuhi zote za baridi, hata mimi nisipokuwepo kuisikia. Amina. Sasa panda juu ya kigoda uiteremshe, na taratibu, kioo hicho hakina mwenzake dukani.